Mbuzi wananyonyoka manyoya, vitoto vinazaliwa na uvimbe shingoni, na mama mkwe anasema tumerogwa

SWALI

Shikamoo dokta,

Samahani ujumbe wangu ni mrefu ila nimeona bora nieleze yote maana nikikatakata hutanielewa. Niko Muheza mkoa wa Tanga, nafuga mbuzi wa maziwa, ni chotara wa Toggenburg na wa kienyeji, nawafugia ndani bandani, mi ndo nakata majani na mi ndo nakamua, mume wangu yuko bize na machungwa yake. Mbuzi wenyewe nilinunua kwa mkopo wa kikoba kwa hiyo hata wakifa wote deni lenyewe halifi.

Sasa tatizo. Kiangazi kilivyokuwa kikali huku kwetu majani yalikauka yote, na nyuma ya nyumba tuna mistari ya lusina ambayo zamani tulipewa miche na mradi mmoja tukaambiwa ni chakula bora cha mifugo, ina protini nyingi na inastahimili ukame, na kweli jua lote lile yenyewe iko kijani tu. Basi nikawa nakata lusina asubuhi na jioni, nikikata ikichipua nakata tena, mbuzi wanaipenda balaa, ukichanganya na majani mengine wanachambua lusina kwanza. Mwanzoni maziwa yalipanda nikajua sasa nimepata dawa. Siku nyingine naongezea maganda ya mihogo tuliyomenya na majani yake, hamna kingine.

Baada ya muda nikaanza kuona manyoya yanatoka. Ukimpapasa mbuzi mgongoni yanabaki mkononi, na mkia umebaki mtupu kabisa. Nikadhani upele, nikanunua dawa ya kuogesha nikaogesha, hamna kitu, na wala hawajikuni. Afu wakaanza kudondosha mate, kula wakapunguza, wakadhoofu. Hata sungura wa mwanangu ambao nao walikuwa wanapewa hiyohiyo lusina wameisha manyoya, tena wenyewe ndo walitangulia.

Kilichonitoa machozi ni uzazi. Mmoja alizaa mapacha, kimoja kilishafia tumboni, kingine kikatoka hai lakini legelege, manyoya haba mno, na hapa chini ya koo kina vinundu viwili, kimoja kulia kimoja kushoto. Hakikuweza hata kusimama kunyonya, usiku uleule kikafa. Wa pili akazaa vilevile, uvimbe uleule. Mwingine katupa mimba. Na kuna wawili wanapandwa hawashiki, wanarudi joto tena na tena.

Mama mkwe alipouona ule uvimbe akasema hii sio bure, kuna mkono wa mtu hapa, akamtaja kabisa jirani yetu ambaye tuliwahi kugombana nae kuhusu mpaka. Anataka aitwe mtaalamu aje azindike banda. Mume wangu yeye kasikia kwa watu kwamba lusina ni sumu, anasema aing'oe yote na mbuzi waliobaki tuwauze tukiwa bado tunapata chochote. Lakini dokta, jirani huyohuyo ng'ombe wake wanakula lusina kila siku na hawana shida yoyote, sasa inakuwaje iwe sumu kwangu tu?

Naomba unisaidie. Je kweli majani ya kawaida tu yanaweza kuharibu uzazi hivi na kutoa uvimbe kwenye kitoto ambacho hakijawahi hata kuyala? Nikianika kwanza inasaidia? Kuna mtu kaniambia niwape chumvi ya madini joto kwa wingi, ni sahihi? Na beberu wangu je, maana nae anakula humohumo.

Mama Mbuzi, Muheza


JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Pole kwa vitoto na pole kwa maneno ya nyumbani, maana najua mfugo ukipata shida wa kwanza kuangaliwa ni yule anayeushika kila siku.

Kabla sijaeleza chochote fanya hili leo leo, acha lusina. Usisubiri wiki iishe, usisubiri daktari aje, leo jioni wape kitu kingine. Na mihogo pia, maganda na majani yake, weka pembeni kwanza. Nitakwambia kwa nini ila nilitaka hili ulisome mwanzo kabisa hata kama bando litakuishia katikati.

Ulivyoeleza, yani manyoya kutoka bila kujikuna, mate, kudhoofu, sungura kutangulia, na vitoto kuzaliwa na vinundu viwili chini ya koo, hiyo ni picha ya lusina iliyozidi, inajulikana miaka mingi na imeandikwa sana. Ile lusina ina kemikali inaitwa mimosini. Iko kwenye majani na kwenye mbegu, na kwa wingi zaidi iko kwenye zile ncha laini zinazochipua. Sasa rudi kwenye maneno yako mwenyewe, nikikata ikichipua nakata tena. Maana yake mbuzi wako wamekuwa wakiishi kwa machipukizi, yani sehemu yenye mimosini nyingi kuliko zote, asubuhi na jioni, bila majani mengine ya kupunguza makali.

Mimosini yenyewe inashambulia chembe zinazojigawa haraka mwilini, na kwenye shina la unywele ndo kuna kujigawa kwa kasi, kwa hiyo manyoya yanakatika mzizi. Ndo maana dawa ya kuogesha haikufanya kitu, pale hapakuwa na mdudu. Upele wa kweli ungeuona, mbuzi anajisugua kwenye nguzo, ngozi ina magaga na inakuwa nene, lakini huyu wako manyoya yanatoka na ngozi iko safi. Mate nayo na kula kidogo, mara nyingi ni kwa sababu mdomo na koo vinachubuka kwa ndani.

Hilo la manyoya ni la juu juu tu, la kuumiza zaidi liko ndani. Mimosini ikifika tumboni kwa mbuzi, wadudu wadogo wa kwenye tumbo kubwa wanaigeuza kuwa kitu kingine, wataalamu wanakiita DHP. Na DHP kazi yake ni kuvuruga tezi ya thairoidi, ile tezi iliyopo shingoni. Hii tezi ndo inatengeneza homoni inayoendesha joto la mwili, ukuaji, hamu ya kula, na uzazi nao unaitegemea. DHP inazuia ile homoni isitengenezwe. Ubongo ukiona homoni imepungua unaisukuma tezi ifanye kazi zaidi, tezi inajitahidi, inavimba, na homoni bado hakuna. Hilo ndo rovu, kama rovu la binadamu kabisa.

Sasa umeniuliza kitoto ambacho hakijala hata jani moja kimepataje uvimbe. Kimekula kupitia kwa mama yake. Ile DHP inaingia kwenye damu ya mama na inamfikia kitoto tumboni, tezi yake changa inazimwa kabla hajazaliwa. Na homoni hiyo ndo ilitakiwa imkuze manyoya, imkuze ubongo, imwandae kujitengenezea joto siku ya kutoka. Kwa hiyo anazaliwa manyoya haba, baridi, legelege, hana nguvu ya kusimama kwenda kwenye ziwa, na asiponyonya maziwa ya dang'a saa za mwanzo anaenda. Ndivyo kilivyokufa kile chako, na hakuna mtu aliyekifanyia kitu.

Na hao wawili wanaorudi joto, na beberu pia, wote wako kwenye mstari huohuo. Thairoidi ikilala jike anashika mimba kwa shida au anashika inatoka, na dume hamu inapungua na mbegu zake zinakuwa dhaifu. Hiyo inarekebishika, ila sio kwa siku mbili tatu.

Ila hapa nakuomba unisikilize kwa makini sana, maana kuna jambo siwezi kulijua nikiwa huku. Mbuzi kutupa mimba na kutoshika vina sababu nyingi na mojawapo ni bruselosisi, ugonjwa wa kutupa mimba, ambao unaingia kwa binadamu. Lusina inaeleza manyoya na uvimbe wa shingo vizuri kabisa, lakini mbuzi anaweza kuwa na lusina na bruselosisi kwa pamoja, moja halizuii lingine. Kwa hiyo mwite afisa mifugo wa kata achukue damu ya majike wote na ya beberu ipelekwe maabara, atakuelekeza kituo cha karibu cha maabara ya veterinari. Na kuanzia sasa kitoto kilichotupwa au kondo la nyuma usishike kwa mikono mitupu, vaa glovu au hata mfuko wa plastiki mzima, fukia kwenye shimo refu mbali na mbwa, na watoto wasikaribie. Maziwa yachemshwe hadi yachemke kweli, sio kupashwa. Kama kuna mtu hapo nyumbani ana homa za kwenda na kurudi, jasho la usiku, viungo kuuma, aende hospitali na amwambie daktari kabisa kwamba anafuga mbuzi na kuna waliotupa mimba, maana asiposema atapimwa malaria na typhoid tu arudishwe nyumbani.

Akizaliwa tena kitoto wa namna hiyo, ushike huo uvimbe vizuri kabla hujasema ni rovu. Rovu liko juu ya koromeo la hewa, chini kidogo tu ya koo, viko viwili pande mbili, na kitoto anazaliwa navyo. Kuna uvimbe mwingine unatokea kwenye shingo ya kitoto anayenyonya vizuri akishafika wiki kadhaa, laini, kitoto mwenyewe mnene anaruka ruka, huo hauna shida, unaondoka wenyewe akikua. Na kuna ule wa chini ya taya, laini kama una maji, jioni unakuwa mkubwa, huo ni minyoo imenyonya damu mpaka imekwisha, ukimfunua mbuzi kope utakuta kwa ndani peupe. Kila mmoja una tiba yake, na nimeona watu wanatibu minyoo kwa dawa ya rovu na mnyama anakufa.

Nije kwenye lile la jirani maana naona ndo limekukwama. Kwa nini ng'ombe wake wanakula na hawapati kitu? Cha kwanza ni kiasi. Ng'ombe anayetoka kwenda kuchunga anakula nyasi, vichaka, mabua, akirudi anakuta lusina kidogo, sehemu ya lusina kwenye tumbo lake ni ndogo, wakati wako mlo mzima ni lusina. Cha pili ndo kinachofurahisha zaidi. Kuna bakteria wa tumboni wanaoweza kuivunja ile DHP ikaisha nguvu, na wanyama wengine wanao, wengine hawana. Australia walihangaika sana na hili, ng'ombe wao walikuwa wanaugua kwa lusina wakati kule Hawaii na Indonesia mifugo inakula bila taabu. Timor Magharibi huko Indonesia, sehemu inaitwa Amarasi, lusina imepandwa tangu miaka ya 1930 na baadaye wakawa wananenepesha ng'ombe kwayo. Mtafiti mmoja wa Australia anaitwa Raymond Jones akafikiri lazima tumboni kwa wale kuna kitu ambacho wa kwao hawana, basi mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake wakachukua maji ya tumbo la mbuzi wa Hawaii wakayahamishia kwa wanyama wa Australia, na wale wanyama wakaanza kula lusina bila kuumwa. Bakteria yule mwaka 1992 akapewa jina rasmi, Synergistes jonesii, hilo la pili ni kwa heshima ya huyo Jones. Baadaye wafugaji wa Queensland, jimbo la Australia, wakawa wanawanywesha ng'ombe wao dawa yenye wadudu hao kwa ajili ya mashamba ya lusina.

Kwa hiyo inawezekana kabisa ng'ombe wa jirani wanao hao bakteria na mbuzi wako ambao hawatoki bandani hawajawahi kukutana nao. Wanaambukizana kwa kuchunga pamoja na kunywa maji pamoja. Najua unachowaza sasa hivi, unawaza uwachanganye mbuzi wako na mifugo yake. Usifanye hivyo mpaka majibu ya damu yatoke, maana kama kuna bruselosisi upande wowote mtakuwa mmegawana na hiyo. Majibu yakiwa safi pande zote, basi kaa na jirani muongee, na nakwambia ukweli, kumwendea kwa ajili ya mbuzi kunaweza kuwapatanisha na hata hilo la mpaka likaisha.

Kuhusu chumvi ya madini joto, yani iodini, aliyekwambia ana nia njema na ana nusu ya ukweli. Hapa ndo mihogo inapoingia. Mihogo ina sumu ile ya sianidi, mwili wa mnyama ukiipunguza makali unaigeuza kuwa kitu kinachozuia madini joto yasiingie kwenye tezi. Lusina haifanyi hivyo, yenyewe inaacha madini joto yaingie afu inazuia yasigeuzwe kuwa homoni. Fikiria jiko la shughuli, mihogo inazuia unga mlangoni, lusina imemfunga mpishi mikono. Kwenye mihogo ukileta unga mwingi zaidi utapenya kidogo, ndo maana chumvi ya madini joto inasaidia. Kwenye lusina hata ulete gunia zima mpishi kafungwa. Mbuzi wako walikuwa wanapata vyote viwili kwa pamoja, tezi ileile imepigwa mara mbili. Kwa hiyo chumvi au jiwe la kulamba lenye madini waachie walambe kwa kiasi chao, ni vizuri, lakini usiwanyweshe kwa nguvu wala kununua iodini dukani ukawapa kwa kubahatisha, ikizidi nayo ni sumu na inaweza kuharibu tezi hiyohiyo. Kitoto akizaliwa na rovu, daktari ndo apime dozi.

Kuanika sasa. Watu wengi wanashauri kuanika na wengine wanasema ukiponda au ukiacha inyauke sumu inaisha. Mimosini inapungua kweli, ila jani lenyewe lina kimeng'enya ambacho ukiliponda au likinyauka kinaigeuza mimosini kuwa ileile DHP. Umeona mtego? Manyoya yatapona, utafurahi ukajua umeshinda, wakati tezi ya shingo inaendelea kuumia kimyakimya mpaka mbuzi azae. Kwa hiyo kuanika usikutegemee peke yake. Kinachofanya kazi ni kupunguza kiasi, basi.

Sasa wale nini. Kwa Muheza huna haja ya kukata tamaa, hata kiangazi. Mabingobingo yaliyoko bondeni au kando ya mto, majani ya guatemala kama kuna mtu kapanda, majani ya viazi vitamu, majani ya migomba na migomba yenyewe iliyokatwakatwa, mabua ya mahindi uliyoyahifadhi. Glirisidia ipo sana huko, mbuzi wanaigomea siku za mwanzo kwa harufu yake lakini ikinyaushwa kidogo wanazoea. Pumba za mahindi na mashudu ya alizeti au ya pamba kidogo kidogo kwa wanaokamuliwa, ili protini isianguke ghafla maziwa yakakauka. Pumba angalia isiwe na ukungu, na mahindi yenye ukungu usiwape hata kama umebanwa vipi, maana kuna ukungu unatoa sumu inayojifanya homoni ya kike, nguruwe jike mdogo akila sehemu zake za siri zinavimba kama yuko joto na wala hayuko.

Mama mkwe sasa. Nakushauri usimbishie mbele ya watu na usimwite mshamba, yeye ameona kitoto kina uvimbe wa ajabu na anatafuta sababu, ni haki yake. Mwelezee kwa heshima, mwambie mama, hii imeshatokea kwa watu wengine. Kule Idaho Marekani, miaka ya 1950, wachunga kondoo walikuwa wanapata vitoto vya kondoo vyenye jicho moja tu katikati ya uso. Jicho moja, mama. Watafiti wa wizara ya kilimo walihangaika nalo miaka, wengine wakakaa milimani pamoja na kondoo, mpaka wakagundua ni mmea wa porini, kondoo mwenye mimba ya siku 14 akiula basi, kitoto anaharibika, akiula siku nyingine anaweza asipate hilo. Wakawa wanachelewesha kuwapeleka kondoo kwenye milima yenye mmea huo mpaka siku hizo zipite, na jicho moja likaisha. Na Australia Magharibi miaka ya 1940 kondoo walikula aina ya klova, ni majani ya malisho, majike yakawa hayashiki mimba na madume yaliyohasiwa yakaanza kutoa maziwa, kwa sababu ile klova ina kitu kinachofanana na homoni ya kike. Majani yanaweza. Mwambie hivyo, na umwambie pia tunaacha lusina tuone. Manyoya yakianza kuota tena ndani ya wiki chache kama ninavyotarajia, atakuwa ameona kwa macho yake na ataacha mwenyewe kumtaja jirani. Asipoacha, angalau hamjalipa mtu kuzindika banda, hiyo hela ndo ya vipimo vya damu.

Mume wako mwambie asing'oe lusina. Kwanza ukiing'oa kiangazi kijacho utalisha nini. Mti wenyewe ni mzuri, protini yake ni ya kweli na ndo maana maziwa yalipanda, ukiotesha pembeni ya shamba unarutubisha udongo, kuni unapata. Shida ni kuigeuza mlo. Kwa mbuzi na ng'ombe watu wanakwenda na kanuni ya lusina isizidi theluthi moja ya chakula chote. Mbuzi wako wa kilo 35 hivi anakula kama kilo nne mpaka tano za majani mabichi kwa siku, kwa hiyo lusina isizidi kilo moja na nusu, na hapo ni baada ya kupona. Tafuta ule mzani wa kuning'iniza wa wauza nyama au wa kahawa, pima mara kadhaa mpaka mkono wako uzoee mzigo wa kilo moja na nusu ukoje, maana kwa macho lusina inadanganya, ni nyepesi na inajaza hori.

Ukirudisha, subiri kwanza manyoya yawe yamerudi na wanakula vizuri, anza na konzi moja kwa siku, ongeza taratibu kwa wiki kadhaa, changanya na majani mengine yaliyokatwakatwa wasipate nafasi ya kuchambua. Kata matawi yaliyokomaa, sio machipukizi. Na mbuzi mwenye mimba mi ningemuacha kabisa bila lusina mpaka azae, miezi yote mitano. Wako watu watakwambia kidogo haidhuru, lakini wewe umeshapoteza vitoto na deni la kikoba lipo, usijaribu kwa wenye mimba.

Wale ambao wana mimba sasa hivi hesabu tarehe zao. Kitoto atakayezaliwa karibuni bado anaweza kuja na rovu kwa sababu ameshakulia humo, usikate tamaa ukamwacha. Mkaushe haraka kwa tambara, mpeleke mahali pa joto, hata karibu na jiko lakini sio kwenye moshi, kamua dang'a ya mama yake mara moja, na kama anaweza kumeza mnyweshe kidogo kidogo kwa chupa, ndani ya saa moja mbili za kwanza, na uendelee kila baada ya saa chache usiku mzima. Kama hawezi kumeza usimimine kwa nguvu, yataingia mapafuni, hapo piga simu kwa daktari. Nimeona vitoto vya hivyo vikipona na uvimbe ukanywea.

Kuuza, subirini. Mkiuza sasa hivi mtauza mbuzi mbovu kwa bei ya mbuzi mbovu, na mnunuzi atawapeleka bandani kwake bila kujua kama kuna bruselosisi, hiyo nayo sio sawa. Ngojeni majibu ya damu, ngojeni waanze kunenepa. Hao wawili wanaorudi joto msiwapandishe kwa sasa, wapumzike mpaka miili irudi, na beberu vilevile apumzike na alishwe vizuri, mbegu za dume zinachukua karibu miezi miwili kutengenezwa upya kwa hiyo hata akionekana mzima leo mbegu alizonazo ni za kipindi cha lusina.

Sungura wa mtoto wao hawapewi tena lusina kabisa. Wao hawana tumbo la kucheua lenye wale wadudu wa kusaidia, ndo maana walitangulia. Punda na nguruwe nao ni hivyohivyo, punda anaisha nywele za shingo na mkia. Wapeni sungura majani ya viazi, nyasi na mchicha, manyoya yatarudi.

Majibu ya maabara yakitoka niandikie, na uniambie pia kama ukimpapasa mbuzi mgongoni manyoya bado yanabaki mkononi.